Baridi na Kadi ya Feni Tatu

Shemeji yangu anaitwa Baridi. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye vyeti, na mkewe, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, hulitumia siku akikasirika tu. Anatengeneza friji na viyoyozi, huu mwaka wa ishirini na mbili, na kama kuna kitu kinachomkosesha usingizi ni baridi kupotea bure. Ukifungua friji nyumbani kwake ukasimama kuwaza unataka nini, utasikia sauti kutoka chumba cha pili: "Waza kwanza, ndipo ufungue!"

Mimi ni mdogo wa mkewe, kwa hiyo kumtania ni haki yangu, na sijawahi kuiacha haki hiyo ilale. Lakini habari ya kadi nitaisimulia sawasawa, maana niliiona kwa macho yangu. Nasuka nywele katika saluni ya dada, na saluni ndiyo chumba cha mbele cha nyumba yao. Ukipita pazia unaingia chumba chenye kompyuta ya Baridi.

Binti yao wa pekee yuko mbali, mwaka wa pili chuoni. Kwenye simu, baba na binti hawana maneno. "Hujambo mwanangu? Unakula? Haya, ongea na mama yako." Sekunde kumi na moja, nilishawahi kuhesabu. Lakini Jumamosi saa kumi alasiri wanaingia kwenye gemu ya malori, kila mmoja na usukani wake wa plastiki, lori la binti mbele, la baba nyuma, na huyo huyo asiye na maneno huongea saa mbili mfululizo. Nadhani ni kwa sababu hawatazamani. Macho yote yako barabarani.

Kisha likaja toleo jipya la gemu, na kompyuta ikaelemewa. Kadi ya picha, yaani kile kipande cha ndani kinachochora kila unachokiona kwenye kioo, ilikuwa imezeeka. Barabara zilikuja vipande vipande na malori yakaelea hewani. Binti akasema, "Baba, tafuta kadi ya kawaida tu, itatosha."

Ya kawaida! Mwambie hivyo mtu anayemshauri bibi anayeishi peke yake anunue friji ya milango miwili. Wiki nzima Baridi alitazama video na kulinganisha kadi kama mtu anayetafuta mchumba. Feni mbili au feni tatu? Alituuliza sisi na hata wateja wa saluni. Dukani muuzaji alimwonya, "Hii ya feni tatu wanachukua watu wanaotengeneza filamu." Baridi akasema, "Nifungie hiyo." Muuzaji akaongeza kwamba kadi kubwa hivyo ina joto kali, atafute na kasha la kompyuta lenye matundu mengi. Baridi akamtazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, mimi unanifundisha baridi?"

Kadi ilikuwa ndefu kuliko kasha, akakata bati la ndani kwa mkasi wa bati. Ilikuwa nzito, ikaanza kuinama, akaitegemeza kwa rola ya nywele ya dada, ile ya waridi, na ruhusa hakuomba. Halafu akaingia kwenye fani yake. Alivuta bomba kutoka kwenye kiyoyozi hadi mbele ya kasha, baridi iingie moja kwa moja. Matundu mengine yote, ya juu, ya nyuma na ya pembeni, aliyaziba kwa mpira wa mlango wa friji, ule unaobana usipitishe hata pumzi. Akasimama, akajishika kiuno.

"Hapo baridi ikishaingia, haina pa kutokea."

Kompyuta ilipokaa kidogo imewashwa, dada alipita, akagusa kioo cha kasha kwa kiganja. "Mume wangu, mbona hiki kitu..."

"Mama, hii niachie mimi."

Dada akafunga mdomo, akarudi kwa mteja wake. Ana tabia hiyo: ukimkatiza hasemi tena mpaka umwombe. Na Baridi kuomba hajui.

Jumamosi ya kwanza, dakika ya ishirini na tano, picha zilianza kukwama, kisha kompyuta ikazima. Baridi akaongeza baridi ya kiyoyozi mpaka mimi huku saluni nikavaa sweta. Jumamosi ya pili alikuwa ameongeza na mpira mwingine. Tulimsikia akicheka, amepandisha lori mlimani kwenye mvua ya ndani ya gemu. Mara kimya. Akatoka nje ya pazia, vipokea sauti vikiwa shingoni.

"Amesema, 'Baba, kuna jambo nataka kukwambia,' halafu mashine ikazima."

"Si umpigie simu?" nikamwambia.

Akapiga. "Hujambo mwanangu? Ulikuwa unasemaje?" Akasikiliza. "Aha. Haya, ongea na mama yako." Sekunde tisa. Binti alikuwa amejibu, si kitu, baba.

Ila ilikuwa kitu, na Baridi alijua. Wiki ile alifunga mlango wa friji ya mteja kichwa chini, miguu juu. Ijumaa akanionyesha ujumbe wa binti: kesho tujaribu tena baba, ikizima tuache tu, wenzangu wananiita niwe naendesha nao. Alinipa simu kwa mikono miwili. Nilimhurumia, na sipendi kumhurumia, kunaniharibia kazi yangu ya kumtania.

Jumamosi ya tatu, saa tisa na nusu, aliijaribu mashine. Ikazima. Akaja kusimama kwenye pazia. Wakati huo huo draya ya kukaushia nywele mkononi mwa dada nayo ikakata. Dada akaigeuza, akavuta nywele zilizojaa kwenye wavu wa nyuma, akasubiri kidogo, akaiwasha. Ikavuma.

"Umeifanya nini?" Baridi akauliza.

"Iliziba mgongo. Isipopumua inajizima yenyewe isiungue."

Baridi akaonyesha pazia kwa kidole. "Na... ile yangu?"

"Unaniuliza?"

"Nakuuliza, mke wangu. Nakuomba."

Hata mteja aligeuza shingo amwone. Dada akaweka draya chini, akajipangusa mikono polepole, maana alikuwa ameisubiri siku hiyo.

"Kila nyumba unayoingia unawaambia watu friji isibane ukuta, mgongo utoe joto. Sasa hiyo kadi yako ni nyama ya kugandisha, au ni kompresa ya mgongoni inayotoa joto?"

Baridi alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Ni kompresa," akasema kwa sauti ndogo. "Nimeifungia kompresa ndani ya friji."

Tulibandua mipira sisi watatu, mteja akatusubiri na nywele zake mbichi. Kioo cha pembeni tukakitoa kabisa. Katika papara ile waya wa vipokea sauti ukakatika, ikabidi Baridi atumie spika. Rola ya waridi tuliiacha, ilikuwa inafanya kazi yake vizuri.

Saa kumi malori yakaondoka. Dakika ya ishirini na tano ikapita, tukatazamana. Ya arobaini ikapita. Hewa ya moto ilikuwa inatoka nyuma ya kasha kama inavyotakiwa, na dada akaenda kuihisi kwa kiganja, ameridhika.

"Baba," spika ikasema.

"Sema, mwanangu."

"Lile jambo. Nimefeli masomo mawili. Narudia mwaka."

Feni zilivuma. Kwenye kioo, lori la Baridi lilipunguza mwendo, likabaki papo hapo nyuma ya la binti.

"Mwaka ndio nini," akasema mwishowe. "Mimi huyu, fundi wa miaka ishirini na mbili, nimeziba matundu yote ya kompyuta kwa mpira wa friji. Yote. Mama yako ndiye aliyenifundisha kazi leo."

Binti akacheka, na ndani ya kicheko tukasikia kilio. Alilia sana. Baba yake hakumnyamazisha, alikuwa anamwambia tu, "Kona hiyo, taratibu. Haya, nyoosha. Nipo nyuma yako."

"Baba, usimwambie mama. Nitamwambia mwenyewe, nikipata nguvu. Na mama mdogo ndiyo kabisa, usithubutu."

"Sawa."

"Mama yuko hapo?"

Baridi aligeuka. Dada alikuwa hatua moja nyuma yake, amekumbatia mipira, machozi yanamtiririka. Namjua dada yangu na mdomo wake, nikasubiri ulipuke. Akatikisa kichwa.

"Yuko saluni," Baridi akasema.

Dada akavua ndala zake, akazishika mkononi, akanivuta mkono, tukapita pazia kwa ncha za vidole kwenda saluni.