Anaimba, Hasomi

Mwalimu aliniita shuleni akaniambia binti yangu arudie darasa la pili. "Mama, huyu hajui kusoma. Na huko nyumbani acheni Kichagga, ndicho kinachomharibu."

Nilimkatalia palepale. Hajui kusoma vipi? Kila jioni kwenye sala yeye ndiye anayeshika kitabu cha nyimbo, kidole kinafuata mstari kwa mstari, na mimi pembeni najivuna kana kwamba nimemzaa peke yangu. Nilipandisha mlima kurudi kwetu Masama nimevimba kwa hasira.

Jioni ile nikamfungulia wimbo tusiouimba kwetu. Akatazama ukurasa, akaanza ule wa jana, beti zote, bila kukosea neno. Kumbe siku zote alikuwa anaimba, hasomi. Niliona aibu, halafu hasira ikarudi, safari hii nikijikasirikia mwenyewe.

Mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani, akasema, "Muache mtoto. Mimi sijui a wala be, na ng'ombe wangu hawajawahi kulalamika."

"Harudii darasa, mama," nikamwambia. "Na Kichagga hatuachi."

Kitabu cha nyimbo nikakiweka juu ya kabati. Tukaanza na vitu ambavyo hajavikariri: mfuko wa pumba, pakiti ya chumvi. Tatizo likawa mimi. Akikwama kidogo tu namalizia neno, naye akazoea kuangalia mdomo wangu badala ya maandishi. Basi nikampeleka kwa bibi yake bandani, akasome wakati wa kukamua. Bibi hana jibu la kumnong'oneza. Anauliza tu kwa Kichagga, "Ehe, halafu?" na anaendelea kukamua. Mtoto anasoma kwa Kiswahili, anamweleza bibi kwa Kichagga, na akishindwa kueleza anajua hajaelewa, anarudi mwanzo. Mwalimu angetukuta angeshika kichwa.

Wiki zikapita. Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai ya maziwa, na jana yake tulikuwa tumemnywesha ng'ombe dawa ya minyoo. Mtoto akaingia na chupa ya dawa, kidole kwenye maandishi madogo kabisa. "U-si-tu-mi-e ma-zi-wa kwa si-ku ta-tu." Akamgeukia bibi, akamweleza.

Nikaichukua ile chupa. Ndivyo ilivyoandikwa. Dawa hiyo hiyo tunainunua Bomang'ombe miaka yote, na mimi ninayejua kusoma sikuwahi kuisoma.

Mama mkwe alikusanya vikombe vyote, akamwaga chai kwenye migomba. Kisha akajifunga kanga yake ya kutokea, akachukua chupa kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine.

"Twende kwa huyo mwalimu," akasema. "Mtoto atasoma. Mimi nitaongea naye Kichagga."