Tope Tulilowapelekea Watu wa Malindi

Baba aliporudi kazini jioni, harufu ndiyo iliyotangulia kuingia: dizeli, jasho na udongo mweusi uliolowa. Tuliishi chumba kimoja Kariobangi, jijini Nairobi, na ingawa buti zake zililala nje, harufu haikujua mlango. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kule Huruma maghorofa yalikuwa yakiota kama uyoga. Juu ya udongo wetu wa Eastlands, mashariki mwa jiji, hapajengeki. Mvua ikinyesha huvimba, jua likiwaka hupasuka. Sharti uchimbwe wote na kuondolewa. Baba alikuwa dereva wa tipa, na kazi yake ilikuwa kuuondoa. Aliuondoa hadi mto Mathare, hatua chache tu kutoka kwenye mjengo, akarudisha lori kinyumenyume mpaka ukingoni, akamwaga. Sisi watoto tulishangilia ukiporomoka. Mama alipomuuliza kama hiyo si kuchafua mto, alimjibu, "Mto kazi yake ni kubeba. Mvua moja tu, hutauona udongo huo tena."

Kinachonichemsha damu hadi leo ni kwamba baba aliujua udongo vizuri sana. Kwao Machakos, nyanya alikuwa na shamba la mteremko, na kila Agosti baba alishika sururu akachimba matuta pamoja na majirani, kwa zamu, shamba moja baada ya jingine. Tope likivuka tuta likaingia kwa jirani, aliona haya hata kumsalimia mtu. Alitukung'utisha miguu kabla hatujatoka shambani. Kisha mtu yuyo huyo alirudi Nairobi na kumwaga tipa nzima mtoni, kwa sababu Machakos ni kwao na jiji si la mtu.

Desemba, mvua za vuli zilipoisha, nilipelekwa Malindi kwa baba mdogo Mutiso, mchonga vinyago. Alikuwa ameniahidi kwamba nitaona bustani iliyo chini ya bahari. Jirani yake, Mzee Bakari, alikuwa na mashua ya kuwapeleka wageni kutazama matumbawe. Siku aliyotupeleka hapakuwa na mgeni hata mmoja. Bahari ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Maji yalipokupwa, Bakari alinishusha penye kina cha magoti, akapitisha kidole juu ya kitu nilichodhani ni jiwe. Tope laini likapeperuka, na chini yake pakatokea rangi ya zambarau.

"Hili si jiwe, mwanangu, li hai," alisema. "Lataka jua. Likifunikwa na tope lajisafisha lenyewe, lajisafisha, hata nguvu zaliisha. Na watoto wake hawashiki penye tope, wataka mwamba safi."

"Hii matope inatoka wapi?" nilimuuliza.

"Mtoni Sabaki. Laanzia huko kwenu."

Nilibisha. Tuliporudi ufukweni, baba mdogo akachukua kijiti, akanichorea mchangani: Mathare waingia mto Nairobi, Nairobi waingia Athi, na Athi ndio huohuo uitwao Galana, kisha Sabaki, kabla ya kumwagika baharini. Nilimchukia baba siku ile, na nilijichukia mimi niliyeshangilia.

Najua sasa kwamba tope jingi hutoka mashambani huko juu, na kwamba joto la bahari nalo lina lake. Hilo halinitulizi. Wahenga walisema hasira hasara. Basi na iwe hasara. Leo naishi Donholm, Eastlands hiyohiyo, na tipa moja ya baba imekuwa foleni ya matipa. Wanaomwaga hawana hata haya ya kungoja giza. Maghorofa yamefika mtoni kwenyewe, na wenye kuyajenga wana mashamba kwao yenye matuta yaliyonyooka. Bakari aliuza mashua. Siku hizi ni askari wa lango katika hoteli ambayo bango lake lina picha ya matumbawe.

Mwaka huu nilimweleza baba haya yote. Sasa ni mzee, goti linamsumbua, na alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Tipa ile ndiyo iliyokulisha," alisema.

Ni kweli. Lakini Bakari naye alikuwa na watoto, nao walilishwa na matumbawe.