Notisi Iliyoishia Butiama

Mama yangu alikuwa anasubiri notisi. Hapo ndipo watu hawaelewagi. Wanasema mjane wa mtaa wa Nyasho kakopa, kajifanya kasahau. Nani kasahau? Dagaa walikataa msimu mzima, marejesho yakayumba, na yeye kila siku ananiambia, "Benki haiwezi kugusa nyumba bila kuniandikia. Wakiandika tu, nauza ng'ombe." Na alikuwa sahihi! Nilisoma sheria mwenyewe kwenye simu mpaka macho yakauma: kwanza wakujulishe umechelewa, wakupe muda wa kulipa, ndiyo waje na mnada.

Dalali akaja na spika, anatangaza mnada ni kesho. Kumuuliza, anasema notisi ilipokelewa zamani, sahihi ipo. Ya nani? Ya baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, kule Butiama.

Kwetu mwanaume akifa, mambo ya mjane yanapitiaga kwa kaka wa marehemu. Siku ya kukopa mama aliulizwa barua zake zipelekwe wapi, akamtaja yeye, kwa heshima tu. Hata ng'ombe wake walikuwaga kwenye zizi la huyo huyo.

Tukapanda gari saa hiyo hiyo. Njiani mama akaniambia nifunge mdomo. Nikaufunga mpaka uani kwa baba mkubwa.

"Shemeji, barua ya benki uliipata?"

"Niliipata."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona nisikupe presha."

Nikalipuka. "Presha? Pasaka umekuja kwetu umekula sato, ukaomba na wa kubeba! Barua unayo!"

"Wewe kijana kaa chini, wakubwa tunaongea." Akamgeukia mama. "Ile nyumba ni ya ukoo, shemeji. Kuna jamaa yangu wa Bunda ataishika kesho. Mtaendelea kukaa. Mtanipa kodi kidogo tu."

Kodi! Tofali za ile nyumba mama kazifyatua na mikono yake, mimi namchotea maji.

Mama hakupiga kelele. "Basi nipe ng'ombe wangu nikauze leo."

"Wako malisho ya mbali. Njoo wiki ijayo."

Jamaa wa Bunda akanunua. Benki wakatuambia wao notisi walituma, ikafika tulikosema ifike. Saa hizi tunakaa Nyegina kwa mama mdogo.

Juzi baba mkubwa kapiga simu, eti mbona hatuji kuchukua mifugo, inamchosha. Mama kaniomba nikawaswage. Nitaenda, kwa sababu ni yeye kaniomba. Lakini shikamoo yangu yule mzee haipati.