Ganda Lililokataa Kulia

Juzi asubuhi mchi wa kinu cha kahawa uliniponyoka jikoni. Kinu chetu ni cha shaba, na mchi wake ni wa shaba vilevile, na shaba ikianguka kwenye sakafu hulia mlio mrefu, mwembamba, unaokwenda mpaka kwenye meno. Mimi ni mtu mzima sasa, nina watoto, nina kazi ya ofisini, na naendesha gari mwenyewe kutoka Ibra mpaka Maskati bila ya kumwogopa mtu. Lakini mlio ule uliponifikia, uso ulinikunjamana kama ulivyokuwa ukinikunjamana nilipokuwa mtoto wa miaka minane au tisa, nimekaa mkekani mbele ya Baba, na kati yetu pana sinia lililojaa maganda ya risasi.

Msituelewe vibaya. Baba alikuwa karani, mtu wa kalamu na kanzu iliyopigwa pasi, na paka akilala kwenye kiti chake yeye hukaa chini. Bunduki aliishika siku za Idi tu, kwenye razha. Wanaume husimama safu mbili zikitazamana, wakajibizana kwa mashairi na ngoma, panga zikarushwa juu na kudakwa, na wenye bunduki wakapiga hewani. Bunduki ya kwetu ilikuwa ya babu, kongwe mno, na risasi zake hazikuwa zikiuzwa tena. Kwa hiyo kila ganda lililopigwa tuliliokota vumbini kabla halijapoa vizuri, likasafishwa, likakaguliwa, na Idi nyingine likatiwa baruti upya, bila ya risasi yenyewe, kwa ajili ya kishindo na moshi tu.

Mtu angesema, basi ni mchezo, hakuna wa kuumia. Lakini shaba nayo huchoka. Kila ikipigwa hutanuka kidogo, mpaka siku moja hutokea ufa mwembamba kuliko unywele, na ganda la namna hiyo likipigwa, moto hauishii mbele. Hurudi nyuma, kwenye uso wa aliyeshika bunduki.

Hili sikuhadithiwa. Nililiona kwenye uso wa Ami Saidi, kaka yake Baba, aliyekuwa akiishi Al Qabil. Jicho lake la kulia halikuwapo. Kope zilikuwa zimeingia ndani na kushikana, na ngozi ya hapo ilikuwa laini, inang'aa. Kila alipokuja kututembelea na kikapu chake cha tende nilimbusu mkono huku nikitazama miguu yake, maana nilijua kilichomla lile jicho ni kiganda kimoja, cha bunduki ileile, mikononi mwake mwenyewe. Tangu hapo bunduki ilihamia kwa Baba. Na mimi nilikuwa na Baba mmoja tu.

Kazi ya kusafisha ilikuwa ya Bibi, mama yake Baba. Bibi alizaliwa Unguja, akarudi Omani mtu mzima na masinia yake, na kwake yeye shaba ni shaba: iwe sinia, iwe birika, iwe ganda la risasi, huoshwa kwa ukwaju. Nyumba nzima ikanuka ukwaju na chuma. Majirani wakitucheka, wakisema risasi za watu wa Zinjibar zanukia mchuzi. Tulicheka nao, ila Baba kicheko chake kilikuwa kifupi. Alikuwa amepata nafasi kwenye safu baada ya miaka ya kuitwa mgeni katika mji wa babu zake, na hakutaka kuipoteza.

Na namna yetu ya kukagua nayo ilitoka kwa Bibi. Wenzetu waliyatazama maganda juani, wakayapapasa kwa vidole. Sisi tuliyasikiliza. Bibi alikuwa hanunui kikombe sokoni Darajani, kule Unguja, ila akigonge kwanza kwa kucha. Kizima hulia, chenye ufa husema tko, basi. Kwa hiyo saa za alasiri, siku mbili tatu kabla ya Idi, Baba alinikalisha mkekani na kunipa kazi ya kuangusha maganda sakafuni, moja baada ya jingine, kutoka kimo cha shubiri.

"Haya, binti yangu. Angusha."

Naliangusha. Liing. Baba ananitazama. Analiokota, analiweka kulia, upande wa mazima. Naangusha jingine. Ananitazama. Mimi nilidhani ananipima kama ni mwoga, na kusema kweli nilikuwa mwoga wa kupigiwa mfano. Ganda likilia vibaya, uso wangu wote ulikunjamana, kama mtu aliyeuma ndimu, na Baba akalitia kushoto, kwenye kopo la kutupwa. Kila ganda lililokwenda kwenye kopo nilishusha pumzi. Laiti yangekwenda yote.

Mwaka ninaousema, Bibi alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, akaniona.

"Weye mtoto, uso gani huo? Baba'ko akashike bunduki mbele za watu, nawe wamkunjia uso kama mfiwa? Utamtia kisirani! Hebu ukunjue."

"Namwogopea, Bibi."

"Mwogopee moyoni. Uso uwe mkunjufu."

Kwetu mtoto hakuambiwa jambo mara mbili. Nikaukunjua uso. Nikauma ndani ya shavu nikaufanya uso kama wa mwanasesere, na maganda yakaendelea kuanguka. Liing. Liing. Kisha likaja moja lenye doa jekundu ubavuni, kubwa kama punje ya mtama, nikaliachia, nalo likasema tko.

Sikukosea. Sauti ile naisikia mpaka leo. Lakini uso sikuutikisa. Nikamngoja Baba alitie kwenye kopo. Baba akanitazama, kwa muda mrefu kidogo kuliko desturi, akatabasamu kama anayenisifu utulivu wangu, kisha akaliokota na kuliweka kulia.

Mtasema, si ungesema tu? Mtoto wa nyumba yetu hakumwambia mzee kwamba amekosea. Mzee akishaweka kitu mahali, hapo ndipo mahali pake. Tena alikuwa Baba, aliyekuwa akijua kila kitu, na masikio yake yalikuwa karibu na sakafu kama yangu. Nikajiambia amesikia kitu nisichokijua. Nikajiambia hivyo siku ile, na kesho yake, na nilipokuwa nikipakwa hina.

Siku ya pili ya Idi tukaenda uwanjani, chini ya mtaa wa zamani wa nyumba za udongo. Wanawake na watoto wa kike tulisimama kando, kwenye kivuli cha ukuta. Ngoma zikalia, safu zikaanza kutembea polepole, na nikamwona Baba kwa kanzu yake nyeupe na jambia, na mkanda wa risasi ukimeta kifuani. Bibi alimwona naye. Aliushika mkono wangu akaubana kwa furaha.

Sikujua lile la doa jekundu liko wapi mkandani. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Baba akatia risasi, akainua bunduki juu, nami nikawaza labda ni hilo. Kishindo kikapiga kwenye majabali na kurudi, moshi ukamfunika, nikaacha kupumua mpaka kanzu ilipotokeza. Yuko mzima. Akageuka kunitafuta kwenye ukuta, kama alivyokuwa akifanya kila mara, nami nikamwonyesha ule uso wa mwanasesere. Akatia nyingine. Kishindo, moshi, kanzu. Uso wa mwanasesere. Akachomoa nyingine mkandani, na Ami Saidi, aliyekuwa nyuma yake kwenye safu, akageuka upande wetu, nikaliona lile jicho lisilokuwapo.

Hapo nikashindwa. Sikupiga kelele, na hata ningepiga, nani angesikia kwa ngoma zile? Uso tu ulinivunjika. Mdomo ukaenda upande, machozi yakamwagika, nikakunjamana kuliko siku zote nilizopata kukunjamana.

Baba alikuwa ameshaanza kuinua bunduki. Akatupa jicho kwenye ukuta kama ada, akaniona, na mkono ukasimama njiani.

Akaishusha. Katikati ya safu, mbele ya watu wote, aliifungua bunduki, akaitoa risasi, akaitia mfukoni, akatoka nje ya mstari. Wanaume wakamtazama. "Eish fik, ya akhi?" Ami Saidi akamwita, una nini, ndugu yangu? Kijana mmoja akacheka na kusema kitu juu ya Wazinjibari na ukwaju wao. Baba hakugeuka. Alikuja moja kwa moja ukutani, akanishika mkono, tukarudi nyumbani kwa miguu, na Bibi nyuma yetu akilalamika njia nzima kwamba tumeaibika.

Nyumbani alizitoa baruti zote, akayapanga maganda mkekani. "Lipi?" akaniuliza. Nikalionyesha lile lenye doa. Alilishika kwa koleo akalibana kidogo, kidogo tu, nalo likafunguka ubavuni kama ganda la njugu. Ndilo lililokuwa mfukoni mwake. Bibi alikaa kitako palepale mlangoni.

Mimi nilidhani nimemwokoa Baba kwa kulia. Niliishi na fahari hiyo miaka mingi, na sikujiuliza swali lililokuwa wazi: kwa nini hakulisikia mwenyewe? Sikujiuliza kwa nini televisheni yetu ilikuwa ikisikika mpaka kwa majirani, wala kwa nini Bibi alikuwa akimwambia kila siku kwamba ukarani umemtia kiburi, haitiki akiitwa. Mpaka nilipokuwa na kazi yangu nikampeleka mwenyewe kwa daktari wa masikio. Daktari akaandika swali kwenye karatasi: tangu lini? Baba akalisoma, akanitazama, kisha akautaja mwaka ambao mimi nilikuwa bado sijaanza shule. Bunduki ya babu ilikuwa imemla kila aliyeishika, kaka mtu jicho, na yeye masikio. Na hakumwambia mtu, maana asiyesikia ngoma wala mashairi angewekwaje kwenye safu?

Basi Idi zile zote hakuwa akinipima woga wangu. Alikuwa akiusikiliza. Uso wangu wa kuuma ndimu ndio uliokuwa sikio lake, na siku nilipofundishwa adabu ya kuukunjua, tulimziba sikio hilo, mimi na Bibi, kwa mapenzi yetu sote wawili.

Juzi mchi ulipoanguka, Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, paka miguuni pake. Kile kidude cha sikioni alichopewa na daktari hakipendi, asubuhi hakivai. Paka aliruka. Baba akamwona paka, akajua kuna kitu, akainua macho haraka kunitazama usoni. Na mimi uso umenikunjamana peke yake, naye nikamwona anaanza kuingiwa na hofu. Nikaushika mchi nikauinua juu auone, kisha nikacheka kwa uso mzima, ajue kuwa hakuna kilichopasuka.