Aliyefunga Hakagui

Tangu tumzike baba sikai nikatulia. Nikikaa nainuka, nikiinuka nasahau nilikuwa naenda wapi. Leo mume wangu ameniuliza mara mbili nina nini, na mara zote mbili nimemjibu ovyo.

Baba alikuwa mhandisi wa ndege. Majirani wa Kilosa walishikilia kwamba ni rubani, na ndege ikipita juu walimuuliza akija mbona hakuwapungia mkono. Kazi yake ilikuwa Dar, kwenye karakana ya ndege, lakini mapumziko yake yote aliyaleta kwetu. Hata akipewa siku moja tu, alipanda treni, akala nasi chakula cha mchana, akageuza. Wenzangu shuleni walilalamika kwamba hawawaoni baba zao. Wetu tulimwona mpaka tukachoka.

Tulichoka kwa sababu alikuja na sheria za kazini. Kubwa ilikuwa hii: aliyefunga hakagui. Ukikaza nati kwenye ndege, lazima mtu mwingine aje aishike kwa mkono wake, kisha aweke sahihi. Nyumbani ikawa vivyo hivyo. Aliyezima jiko hakuaminiwa, mwingine alitumwa kulitazama. Mtungi wa gesi ulipoingia, ndiyo usiseme. Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu, akaifungulia daftari la ukaguzi, na mimi niliyekuwa naishi jirani nikateuliwa mkaguzi bila kuulizwa.

Jumamosi moja asubuhi yeye na mama walikuwa wanakwenda Mikumi, mdogo wangu amejifungua mtoto wa kwanza. Baba alikuwa amebadilisha gurudumu la mbele. Mama ameshakaa kwenye kiti, kuku wawili wamefungwa miguuni pake, anahimiza waondoke. Mimi nilikuwa na kikao ofisini na nilishachelewa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Njoo ukague hapa." Akanipa spana na daftari.

"Baba jamani, umefunga ndege maisha yako yote, gurudumu la pikapu ndilo likushinde?"

"Kagua, mwanangu. Ndani ya gari yumo mama yako."

Akaingia ndani kuchukua kofia. Nikatia sahihi. Spana niliiegemeza ukutani bila hata kuinama. Alipotoka akaniuliza, "Umekagua?" Nikamwambia nimekagua.

Walipita Masanze, hawakufika mbali. Gurudumu lilichomoka, pikapu ikaingia mtaroni. Mama alivunjika mkono, baba akapasuka kwenye paji la uso. Nati mbili hazikuwa zimekazwa kabisa, alizianza kwa vidole akasahau kuzimalizia. Ningegusa tu ningejua.

Wiki iliyofuata kaka yetu alikuja kutoka Morogoro, tukakaa kikao cha familia sebuleni. Kaka alianza kwa heshima zote. "Baba, umri umekwenda. Ungetuulia mama. Tunaomba funguo."

"Nilisahau kukaza," baba akasema.

"Na ule ukaguzi wako? Siku hiyo hakukuwa na mtu wa kukagua?"

Nilikuwa nimekaa karibu na mama, namtazama mkono uliofungwa hogo, plasta bado nyeupe. Nilisema moyoni kwamba baba akinitaja nitakubali palepale.

"Tulikuwa na haraka," baba akajibu. Hakuniangalia. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani, akauliza kama kaka ameshapewa chai.

Mtu aliyekuwa akipanda treni aje kula mchana mmoja na watoto wake akawa mtu wa kusubiri apelekwe. Mjukuu wa Mikumi aliota meno, akasimama, akatembea, na baba aliyaona mengi ya hayo kwenye simu. Basi lilimuumiza mgongo, na sisi wenye magari kila wiki tulikuwa na sababu. Mara nyingi nilikwenda kwake nikiwa nimeshapanga maneno. Nikikaribia kusema, yeye ananiuliza habari za wanangu, na mimi nashukuru kimoyomoyo kwa kupata pa kukimbilia. Hilo naliona aibu kuliko hata ile sahihi.

Siku ya mazishi, wasifu wa marehemu aliuandika kaka. Akaniomba niusome mimi kanisani, eti ndiye mwenye sauti ya kusikika. Niliupokea nikiwa nimesimama mbele ya watu tayari. Shule alizosoma, kazi yake, ndoa, watoto, wajukuu. Halafu ukaja mstari unaosema kwamba miaka yake ya mwisho aliacha kuendesha gari kwa sababu ya uzee, baada ya kusababisha ajali. Mama alikuwa kwenye benchi la kwanza, ameinamisha kichwa. Niliusoma mstari huo wote, kwa sauti, wala sikukwama.