Mama Hakuonja Kwanza

Kwetu Bihambwe, ukimpa mgeni kinywaji bila kuonja wewe kwanza, heri ungemtukana. Mwenye nyumba huinua kikombe, hupiga funda moja mbele ya macho ya watu, hufuta ukingo kwa kiganja, ndipo hukikabidhi. Hakuna anayekaa chini kukufundisha jambo hilo. Maana yake kila mtu anaijua na hakuna anayeitamka: humu hamna sumu.

Ni mara moja tu katika maisha yake yote ambapo mama yangu hakuonja. Nimewahi kusikia watu wakisema alisahau. Hakusahau, na hilo ndilo linaloniuma.

Mzee aliyekunywa kikombe kile alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Wao wafugaji, sisi wakulima, na kanisa letu lilikuwa moja. Wiki iliyotangulia ng'ombe wake walikuwa wameingia katika maharage ya mama na kuyalaza chini yote. Mama, ambaye Mungu alimpa ulimi kabla ya kumpa subira, alisimama mpakani akapiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani. Neno lake la mwisho lilikuwa: "Mungu haiko kipofu. Mutaona!" Mdomo huponza kichwa. Hiyo "mutaona" watu waliiweka akibani, na siku ilipofika wakaitoa.

Mzee alikuja peke yake, adhuhuri, na kofia yake mkononi. Alikuja kuomba msamaha. Nilikuwa mlangoni namenya viazi, nikasikia kila neno. Alisema wana wake wamezembea, atatuma watu waje kupanda upya. Mama alilainika hapo hapo. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha musururu, ule uji mwepesi wa mtama tunaokunywa mchana, akampa.

Mzee akatazama ndani ya kikombe. Akamtazama mama. Nami nikaacha kumenya. Nilidhani mama bado ana kinyongo na amechagua njia hiyo ya kukionyesha, nikaona aibu. Yule mzee akacheka kidogo, akanywa mpaka mwisho, akashukuru, akaenda zake. Alikuwa muungwana kuliko sisi sote.

Alipovuka kijito nilimgeukia mama.

"Mama, juu ya nini haukuonja?"

"Niko nafunga," alinijibu kwa sauti ya chini. "Leo njo siku ya tatu. Usimwambie muntu."

Alikuwa anamfungia kaka yangu, aliyekuwa anachimba dhahabu huko Omate, Walikale, na ambaye hatukuwa tumepata habari zake miezi miwili. Hakula, hakunywa hata maji, na hakumwambia hata mke wa pasta, kwa sababu imeandikwa kwamba ufungapo usijionyeshe mbele za watu. Mama alikuwa mtu wa kushika neno moja na kulibana mpaka linalia.

Jua lilikuwa halijafika mlimani dada mmoja akaja anakimbia: baba yake anatapika, anatetemeka, njoo. Dada huyo alikuwa binti ya mzee, kitinda mimba wake, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Aliniita mimi kwa kuwa nilikuwa nimemaliza masomo ya mifugo shuleni. Watu walinitania sana kwa hilo, mtoto wa maharage kusomea ng'ombe, lakini ndama akivimba tumbo walijua mlango wetu ulipo.

Nilimkuta mzee amelala juu ya mkeka, mate yakimtoka kama maji, jasho jekundu la vumbi likimtiririka shingoni. Nilimfunua jicho. Ile mboni nyeusi ilikuwa imenywea hadi kufanana na kichwa cha sindano. Nilijua nimeona jicho la namna hiyo mahali fulani, ila hofu ilinikamata na sikukumbuka ni wapi. Vijana wakampandisha kwenye tipoi, machela yetu ya miti, wakamwinua mabegani kuelekea kituo cha afya. Hawakufika nusu ya njia.

Kabla hata hajazikwa, kijiji kilikuwa kimeshamaliza kesi. Alikunywa wapi? Kwa mama yangu. Mama alionja? Hakuonja. Alikuwa amesema nini? Mutaona. Ushahidi gani mwingine unautaka? Mzee mmoja alisimama kwenye matanga akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tangu siku ile sina hamu na methali hiyo. Ni kamba ya kumnyongea mtu yeyote unayemtaka.

Niliwaambia alikuwa amefunga. Waliangua kicheko, na mke wa pasta, ambaye angeweza kutusaidia, akasema yeye hakuambiwa mfungo wowote. Nikamsihi mama aeleze mwenyewe. Akakataa: mfungo uliotangazwa, alisema, umeshalipwa, na kaka yako bado hajapatikana. Nilimkasirikia hadi nikapiga teke sufuria. Wana wa marehemu walikuwa wanasema wataichoma nyumba yetu, chef wa kijiji alikuwa ametupa siku tatu tujieleze mbele ya wazee, na yeye anahesabu madeni ya Mungu!

Basi nikaamua kutafuta ukweli mimi mwenyewe. Sikuwa polisi, na polisi wenyewe kwetu ni habari ya kusikia. Lakini nilikuwa na kitu kimoja ambacho wengine hawakuwa nacho: nilikuwa nimeona lile jicho. Sumu wanayoiogopa watu wetu, ile wanayosema mtu hutiliwa kwenye kinywaji, humla mtu polepole, anakonda, anakohoa, anahangaika kwa waganga miezi. Haimchukui kati ya adhuhuri na machweo. Halafu kulikuwa na mbwa wa mzee. Alikutwa amekufa nyuma ya zizi asubuhi ya pili, povu mdomoni. Watu walisema amekufa kwa majonzi ya bwana wake. Mbwa yule, ambaye hata mvua ya mawe haikuwahi kumtia majonzi! Na zaidi ya hayo, mbwa hakuwa amefika kwetu kunywa musururu.

Nilimkuta rafiki yangu kijitoni, anafua nguo za baba yake. Nilidhani atanirushia jiwe. Alisogea tu, akaniachia nafasi juu ya mwamba.

"Weye sikuchukii," alisema. "Ni mama yako."

Nikamuuliza baba yake alikula nini tena siku ile baada ya kutoka kwetu.

"Hapana kula. Alikataa chakula, alisema iko joto. Nilimupa mashanza tu."

Mashanza ni maziwa ya mgando, na katika nyumba zao sehemu ya kwanza huwa ya baba, hakuna mwingine anayeigusa kabla yake. Nikauliza aliyaweka ndani ya nini, maana nilijua kibuyu chao kikubwa kilipasuka mwaka ule tulipokimbia vita.

"Ndani ya kabidon ka njano. Nilikaokota nyuma ya zizi, kalikuwa katupu."

"Ulikaosha?"

Alinishangaa kama mtu aliyeulizwa kama anaoga na nguo.

"Chombo ya maziwa tunaoshaka na sabuni? Nilikasukutua kidogo, nikakafukiza na majani, vizuri, kama mama alinifundisha. Kalinukia sana."

Hapo nikaacha kuuliza. Wafugaji wa kwetu hawaoshi chombo cha maziwa kwa sabuni, huharibu ladha. Hukifukiza kwa moshi wa majani ya kunukia, na kibuyu kikifukizwa hivyo hukaa miaka bila maziwa kuharibika. Ni desturi safi, nami nimeisifu shuleni katika karatasi ya mtihani. Lakini kile hakikuwa kibuyu. Kile kidumu cha njano kaka yake alikitoa soko la Mweso, ambako dawa ya kupe humiminwa kutoka pipa kubwa kuingia chombo chochote ulichokuja nacho. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyemshauri kaka yake abadili dawa. Nilimwambia ile ya zamani kupe wameizoea, atafute ile kali, ile inayonuka. Na jicho lile, sasa nikakumbuka, nililiona shuleni kwa mbuzi aliyelamba ndoo ya dawa hiyo hiyo. Moshi wa majani uliifunika harufu yake. Mzee alikunywa, akabakiza kidogo, mbwa akamalizia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Rafiki yangu aliendelea kufua. Hakujua lolote, na kwa uso wake nilijua hatajua mpaka mtu amwambie.

Sikumwambia pale. Nilipanda kilima mbio, na naungama kwamba nilikuwa na furaha. Tulikuwa tumepona. Mama alikuwa amekaa uani anachagua mbegu za maharage. Nikamwaga kila kitu, kidumu, dawa, moshi, mbwa, nikamwambia avae kitambaa twende kwa chef sasa hivi. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaendelea kuchagua mbegu.

"Ule mutoto anajua?"

"Bado."

"Asijue."

Nilidhani hakunielewa, nikaanza upya. Akanikata.

"Nimesikia. Miye niko najua sikuua, inanitosha. Lakini yeye akijua kama njo mikono yake iliua papa yake, ataishi namna gani? Na kaka zake, utawashika mikono weye? Ule mutoto iko na miaka makumi mbili. Miye nilishakula maisha yangu."

"Basi ni mimi nilimwambia kaka yake anunue ile dawa! Nitasema ni mimi."

"Utasema nini bila kusema kabidon?"

Nililia kwa hasira, nikamwita mjinga, neno ambalo kwetu hulitamki kwa mzazi. Hakunipiga. Aliniapisha. Aliweka Biblia mapajani mwake, juu ya zile mbegu, nikaapa kwamba siku zake zote sitasema.

Siku ya wazee hatukuingoja. Tuliondoka asubuhi na mapema, mizigo miwili na kuku mmoja, na watu waliotuona wakatugeuzia migongo. Anayekimbia amekiri, hata mimi ningesema hivyo. Tulishuka Walikale kwa miguu, kwa pikipiki, tena kwa miguu ndani ya matope ya msitu, tukafika Omate, na kaka yangu alikuwa hai. Alikuwa amepoteza simu tu. Mama alipiga magoti katika tope akashukuru kwa kujibiwa mfungo wake. Niligeuka nikatazama miti, maana sikutaka auone uso wangu.

Omate mama alianza kuwapikia wachimbaji ugali wa foufou na majani ya mihogo. Alikuwa mpishi hodari, na wiki za kwanza viti havikutosha. Kisha akafika mchimbaji kutoka pande zetu za Masisi. Alimtazama mama, akaweka kijiko chini, akanong'ona na mwenzake. Baada ya siku nne mama alikuwa anapika sufuria nzima na sisi watatu tunaila wenyewe. Hakulalamika. Akapata kipande cha shamba msituni akalima mihogo, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kula mkononi mwake, akauza mizizi mibichi, watu waende wakapike wenyewe. Aliishi hivyo miaka tisa. Kila mwaka nilimwomba aniachie kiapo. Kila mwaka aliuliza kama ule mutoto bado iko Bihambwe, nikisema ndiyo, basi.

Alikufa mwaka jana, kwa homa, katika msimu wa mvua. Waliomzika walikuwa sita, na wawili ni sisi wa nyumbani.

Niliapa siku zake zote, na siku zake zilikuwa zimekwisha. Hivyo ndivyo nilivyojihesabia. Nilirudi Bihambwe kwa pikipiki, nikafikia kwa mama mdogo, nikatangaza tutakaa matanga siku mbili. Sikurudi kulia. Nilirudi kulisafisha jina la mama mbele ya kijiji kile kile kilicholichafua, na nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima kuanzia Omate.

Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili, mchana, alikuja mmoja. Alikuwa amenenepa kidogo, mtoto mgongoni, wengine wawili wameshika kitenge chake. Alikaa karibu nami juu ya mkeka, akanishika mkono, na kwa muda tukalia pamoja kama zamani. Kisha akafuta macho.

"Nilimusamehe mama yako," alisema. "Nilitaka ujue. Ilinichukua miaka, lakini nilimusamehe kabisa, na moyo yote."

Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwa pale pale, yamejipanga.

"Unajua nini inanitulizaka?" akaendelea, akimbembeleza mtoto mgongoni. "Ni vile kitu ya mwisho Papa alikunywa haikuwa ile ya mama yako. Ilikuwa maziwa yangu. Alikunywa, akaniambia, mwanangu, iko tamu. Kila asubuhi nikipatia hawa batoto maziwa, nakumbuka ile neno. Bila ile neno, dada, ningekuwa nilishakufa."

Mtoto wake wa kati alikuwa ananitazama usoni, akingoja niseme. Nje mama mdogo alikuwa anapasua kuni. Nilimchukia rafiki yangu kwa dakika nzima, nadhani, kisha nikamchukia mama, kisha sikuwa tena na mtu wa kumchukia.

"Asante, dada," nilimwambia. "Asante kwa kumusamehe mama yangu."