Mkono Birika wa Jumanne

Leo nimefutwa kazi na simu yangu mwenyewe.

Mnajua mimi hufulia watu nguo. Namba za wateja nazisave na tabia zao, ndio nisiwachanganye. Huyu madam nilimsave "Madam Jumanne Mkono Birika", juu kwake hata chai ya mfuaji hupimwa.

Juzi nikaweka ile app ya kuonyesha nani anakupigia. Ikauliza kama nairuhusu isome majina yote kwa simu. Nikafinya Ruhusu. Si sote hufinya tu?

Nilidhani app moja haijui mambo ya ingine. Kumbe ni kama nyumba zetu za mabati huku Gatwekera, ukikohoa jirani anasikia! Ikachukua majina yangu yote, ikaambia kila mtu ako na hiyo app.

Asubuhi nafika, madam amesimama kwa geti.

"Beatrice, nimepigia fundi wa maji, anacheka. Simu yake inasema mimi ni Madam Jumanne Mkono Birika. Na Jumanne huja nani hapa?"

Ni mimi tu. Leo ni Jumanne.

"Hebu nipigie," akasema.

Nikapiga. Akanigeuzia skrini nione venye yeye alinisave.

"Beatrice Mwaminifu."

Akaifuta hapo hapo, nikiangalia.

Na hiyo Jumanne ndio siku pekee ya kazi nilikuwa nimebaki nayo.

Haya, nyinyi mmenisave aje?

Ama wacheni. Msiniambie.